Mtoto Hakamuliwi

Mtoto wangu alikuwa na siku kumi na moja nilipomkuta mamamkwe amemlaza mapajani, kifua wazi, anamkamua. Silitafutii tendo hilo neno la adabu. Alikuwa amelishika titi la kulia la mtoto kwa vidole viwili vilivyopakwa mafuta ya ng'ombe, anaminya kutoka pembeni kuja katikati, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Tone jeupe likatokeza kwenye chuchu. Akalifuta kwa kidole gumba, akasema bismillahi, akaminya tena. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha watoto wachanga ambacho bado hakina machozi.

Mimi nilikuwa natoka kuoga, kanga imenishika mwilini, maji yananidondoka kwenye saruji. Nikiri kwamba kitu cha kwanza kilichonipata si hasira. Ni mshangao. Maziwa! Mtu wa siku kumi na moja, hata shingo yake hawezi kuishika, ana maziwa. Ameyatoa wapi? Nani amemwambia ayatengeneze? Hasira ilifika nyuma kidogo, na ilipofika ilikaa. Hata leo ninapoandika bado ipo, na ule mshangao upo, na sijui ni kipi kati ya hivyo viwili kinachoshika kalamu.

"Mama, unamufanya nini mutoto?"

"Ninamutoa maziwa ya uchafu. We vaa kwanza, utashikwa na baridi."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya tatu. Ya kulia siku tatu, halafu kesho ninaanza ya kushoto, nayo siku tatu. Kitu kizuri kinaanzia kulia. Mulisoma, hamukufundishwa?"

Siku ya tatu. Yaani kila asubuhi nilipoingia kuoga, yeye alikuwa anangoja nifunge mlango.

Lazima nimweleze mamamkwe vizuri, maana si mchawi wala si mjinga. Kwenye avenyu yetu, katika mtaa wa Buyenzi, mtoto akizaliwa, huyu ndiye anayeitwa. Anaogesha wachanga, anawanyoosha mikono na miguu, anawakanda kichwa mpaka kinakuwa duara. Watu wazima wanaopita barabarani na mabomba ya moshi mabegani, mafundi wenye ndevu, anawanyooshea kidole: "Yule nilimuosha mimi. Yule pia. Yule alikuwa na kichwa kama ndizi, muangalie sasa." Nyumba ni yake. Iko kati ya duka la vipuri na gareji ambamo bati linapigwa nyundo kutoka asubuhi. Mimi niliingia humo kwa ndoa, natoka Carama, kule ambako nyumba zinakwisha na mashamba ya mihogo yanaanza. Nilimaliza sekondari, sehemu ya biolojia. Diploma yangu iko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, imelaliwa na mablanketi.

Nilimnyang'anya mtoto. Titi la kulia lilikuwa jekundu, limevimba, lina moto. La kushoto nalo lilikuwa limenyanyuka kidogo, lakini laini, lina rangi yake ya kawaida.

"Mutoto hakamuliwi!" nilipiga kelele. "Huyu ni mbuzi?"

"Punguza sauti, jirani wanasikia."

"Wasikie!"

"Usipotoa hii maziwa, mutoto wa kike anaota matiti mbio mbio. Miaka saba, nane, tayari. Unataka wanaume wa gareji waanze kumuangalia? Mi nilimukamua mume wako, niliwakamua dada zake, na we mama yako alikukamua. Uko hapa unanipigia kelele na kifua kizima."

Alilitamka hilo, halafu macho yake yakashuka kwenye kanga yangu, upande wa kushoto, akayaondoa haraka. Maana anajua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliita titi langu la kushoto "mapambo."

Kifua changu si kizima. Nilipokuwa mwaka wa tisa wa shule, upande wa kulia ulianza kukua kama wa wasichana wengine. Wa kushoto ulibaki ubao. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Nilikuwa naweka soksi iliyokunjwa ndani ya sutiani, na kwenye michezo nilikuwa najifanya mgonjwa ili soksi isihame. Chini ya chuchu ya kushoto nina kovu. Mama yangu aliniambia nikiwa mdogo niliangukia mbabura, ule moto wa makaa tunaopikia. Nikaamini. Kila mtoto wa Carama ana kovu la mbabura mahali fulani.

Lakini jambo moja lilinikera kuliko aibu. Mwalimu wa biolojia alitufundisha homoni. Alisema zinatengenezwa kwenye tezi, zinaingia kwenye damu, zinasafiri mwili mzima kupeleka maagizo. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kama damu ni moja na inazunguka pote, inakuwaje agizo lifike upande mmoja wa mtu na upande mwingine lisifike?" Darasa likacheka, maana kila msichana alijua nauliza nini. Mwalimu akafuta ubao, akasema: "Swali hilo halitatoka kwenye mtihani."

Kweli halikutoka. Nilipata alama nzuri na nikabaki na swali langu.

Mtoto alipozaliwa, swali lilirudi na nguvu mpya. Titi la kulia lilijaa mpaka likawa linadondosha bila kuguswa. La kushoto lilitoa matone. Nilikuwa nambandika mtoto upande huo, ananyonya, anaacha, ananitazama kama mteja aliyeuziwa chupa tupu. Ndipo mamamkwe akasema: "Hiyo achana nayo. Hiyo ni mapambo." Wanawake waliokuja kunitembelea walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka. Ilikuwa inachekesha, na iliniuma.

Mchana ule mtoto alikataa kunyonya. Nilimgusa paji la uso, lilikuwa linachoma. Nilimtuma jirani amwite mume wangu gareji. Yeye anatengeneza alteneta na dinamo, lakini siku hizo petroli ilikuwa imekauka mjini, magari yamelala, na mafundi walikuwa wanacheza karata juu ya magurudumu. Alikuja mbio, mikono safi, jambo ambalo peke yake lilitosha kuonyesha hali ya mji.

"Mama anasema ni desturi," alianza.

"Shika hapa," nilimwambia, nikaweka kidole chake kwenye kifua cha binti yake.

Aliondoa kidole haraka. Hakusema tena desturi.

Tulitembea. Teksi zote zilikuwa kwenye foleni ya petroli, zimezimwa, madereva wamelala ndani milango wazi. Mamamkwe alisimama mlangoni: "Huyo mwanamuke hajafikisha arobaini, hatoki nje!" Nikaendelea na njia. Tulipofika kona ya msikiti niligeuka, nikamwona anatufuata hatua kumi nyuma, amejitanda mtandio, amebeba mfuko wa nepi niliousahau. Nilipunguza mwendo, naye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Tulikwenda hivyo mpaka dispanseri, watu watatu na mtoto mmoja.

Daktari alikuwa mwanamke, hanizidi miaka mingi. Alimvua mtoto, akatazama, akabonyeza pembeni kwa ncha ya kidole. Hakuuliza nani amefanya. Nadhani ameona wengi.

"Maambukizi yameanza. Tutamupiga sindano za antibiotiki, asubuhi na jioni, mutakuja kila siku. Kama usaha utajikusanya, itabidi tupasue. Sitaki tupasue."

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa sababu kisu kitapita karibu na mahali pabaya."

"Mahali gani?"

Alinitazama kuona kama nauliza kwa hofu au kwa kutaka kujua. Ilikuwa vyote viwili. Baada ya sindano ya kwanza, mtoto alipotulia begani kwangu, alichukua boksi tupu la glavu, akaligeuza upande usio na maandishi, akachora. Mume wangu alisimama nyuma yangu. Mamamkwe alikaa kwenye benchi karibu na mlango, uso kaugeuzia ukuta, lakini sikio liko kwetu.

"Chini ya chuchu ya mutoto muchanga kuna kitu kidogo, kama punje ya dengu. Titi lote la baadaye linatoka hapo. Hakuna lingine la akiba."

"Na maziwa? Ameyatoa wapi?"

"Kwako."

Alinieleza hivi, nami naandika nilivyoelewa. Mtoto akiwa tumboni, homoni zangu zinamfikia kupitia kitovu, zile zile zinazoandaa kifua changu. Zinakiandaa na chake. Kitovu kikikatwa, zile homoni zangu zilizokuwa zinazuia maziwa yasitoke zinapungua ndani yake, na tezi yake mwenyewe iliyo chini ya ubongo, ndogo kuliko haragwe, inaachia prolaktini. Prolaktini ni protini. Kazi yake ni kuziambia seli za titi: tengenezeni maziwa.

"Kwa hiyo anafikiri amezaa?" niliuliza.

Daktari alicheka. "Yeye hafikiri kitu. Kifua ndicho kimedanganyika. Wiki chache kinasahau. Hata watoto wanaume wanapata."

"Mume wangu alipata?"

"Bila shaka."

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Kutoka kwenye benchi ikaja sauti: "Alikuwa nayo nyingi sana, huyo."

"Mama!"

"Ni kweli. Nyingi kuliko dada zako."

Daktari alimgeukia kwa heshima. "Mama, ulipokamua siku ya kwanza, ilitoka ngapi?"

"Tone moja. Siku ya pili, matatu, mane. Leo imetoka kabisa. Si munaona? Uchafu ulikuwa umejaa ndani!"

"Ukikamua chuchu, ubongo unapata habari kwamba kuna mutu ananyonya, na unatoa prolaktini zaidi. Hukuwa unaitoa, mama. Ulikuwa unaiita."

"Ninaiita?"

"Angalia ya kushoto. Hukuigusa, sivyo? Siku ya kwanza ilikuwaje?"

Nilimgeuza mtoto kifua mbele. Mamamkwe alisimama, akaja, akatazama kwa muda mrefu. Najua alichokuwa anakiona kwa sababu nami nilikuwa nakiona. Matiti mawili ya mtoto mmoja, damu moja, umri mmoja, yalianza yakiwa sawa. La kulia, lililokamuliwa, lilikuwa limevimba kama limau dogo. La kushoto, lililongoja zamu yake, lilikuwa linashuka lenyewe.

"Yalikuwa sawasawa," alisema polepole. "Siku ya kwanza yalikuwa sawasawa."

Kama angeanza pande zote mbili kwa pamoja, asingeliona hilo hata kidogo. Ni kule kuanzia kulia kulikomwonyesha. Sikufurahi. Nilitaka kumwambia kwamba kuna njia nyingine za kujifunza mbali na kutumia binti yangu. Lakini swali langu la zamani lilitoka kabla ya matusi.

"Dokta, kama damu ni moja, inakuwaje mutu akue upande mumoja?"

Hakuniambia kuhusu mtihani. Alichora tena. Alisema agizo linafika pande zote mbili, hilo ni kweli, mwalimu hakukosea. Lakini agizo haliwezi kitu bila wa kulipokea. Akachukua mfano wa estrojeni, ile inayowaamsha wasichana. Yenyewe si protini, ni ya jamii ya mafuta. Ikifika kwenye seli ya titi, ndani kuna protini inayoikamata. Hiyo ndiyo kipokezi. Zikishikana, kipokezi kinakwenda kwenye jeni na kuwasha baadhi yake. Hapo seli zinaanza kutoa protini nyingine, za kuambiana zenyewe kwa zenyewe, jirani kwa jirani: gawanyika, refuka, toa tawi, simama hapo. Alisema mazungumzo hayo yanaanza hata kabla ya kuzaliwa. Kile chipukizi kidogo kinatuma protini kwa nyama iliyo chini yake, nyama inajibu, na bila jibu hilo hata chuchu haipatikani.

"Sasa kama ile punje imeharibiwa na usaha, au imekatwa, seli za kupokea zinakuwa chache. Miaka kumi na mbili inafika, agizo linakuja kwa damu, linagonga."

"Linagonga nyumba ya watu waliohama," nilisema.

"Ndiyo." Kisha akashusha sauti. "Na we? Kwa nini unauliza?"

Nilifungua vifungo viwili vya blauzi, nikamwonyesha kovu. Aliliangalia, akalipitishia kidole.

"Walikuambia ni nini?"

"Mbabura."

"Moto hauachi mustari ulionyooka hivi."

Nilimwachia mume wangu mtoto, nikatoka kwenye korido, nikampigia mama yangu simu. Sikumsalimia. Nilimwuliza: "Nilikamuliwa?" Kulikuwa na kuku wanalia upande wake, na maji yanamiminwa kwenye ndoo, halafu maji yakaacha kumiminwa.

"Nani amekuambia?"

"Kovu limeniambia."

Alinihadithia kwa vipande. Nilikuwa na wiki mbili. Kuna mama jirani aliyekuwa anajua mambo ya wachanga. Titi la kushoto likavimba, likawa na usaha, nikawa nalia mchana kutwa, na yule yule jirani akalipasua kwa wembe aliouchemsha. Likapona. Wote wakamshukuru, wakampa kuku.

"Na mbabura?"

"Ungeniuliza nani alikufanya hivyo. Mbabura haina mwenye kosa."

"Nilivaa soksi miaka mine, mama."

"Nilikuwa naiona soksi," alisema. "Niliiosha mimi."

Nilikata simu. Nilisimama pale koridoni nimekunja ngumi, na wanawake wenye watoto mgongoni walikuwa wananipita pembeni kama wanavyopita mbwa wasiyemjua. Lakini mtu asinielewe vibaya. Chini ya hasira ile kulikuwa na kitu karibu na furaha. Swali langu lilikuwa na jibu! Mwili wangu haukuwa umekataa kitu. Haukuwa na laana wala uvivu. Ulikuwa umeitwa, na waliotakiwa kuitika walikuwa wameuawa kwa wembe nikiwa na wiki mbili.

Siku zilizofuata tulikwenda na kurudi kwa miguu, asubuhi na jioni. Kila sindano mtoto alipiga kelele na mimi nilibana meno, na kila baada ya sindano niliuliza swali moja. Daktari alizoea. Akiniona tu anasema, "Haya, la leo?"

La kwanza: titi linajuaje kuacha kukua? Kwa nini halifiki magotini? Alisema kuna protini za kusukuma na protini za kuzuia. Mifereji ya maziwa inavyojitandaza, kuna protini inayoliambia tawi lisimkanyage mwenzake, libakize nafasi. Hata maziwa yenyewe, yakikaa ndani bila kunyonywa, titi linapata ujumbe wa kupunguza. "Zinazosukuma peke yake bila za kuzuia ni ugonjwa," alisema, na sikuhitaji aniambie ugonjwa gani.

La siku nyingine: lile langu la kushoto, linaweza kuamshwa? Hapana. Lakini nilimwambia kwamba nilipokuwa na mimba liliniuma kidogo, lilijaa kidogo, nusu ya kiganja. Akasema basi kuna seli zilizobaki, na zimesikia. Nilitembea nikirudi nyumbani nikizifikiria hizo seli chache, zilizokaa miaka yote hiyo pembeni ya kovu, na agizo lilipokuja zikaitika kwa uwezo wao, tone kwa tone. Siku hiyo nilimbandika mtoto upande wa kushoto kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alinitazama kwa ile ile dharau yake. Nilimwambia anyamaze anyonye.

Na lingine: kwa nini wasichana wengine wanaota mapema? Hapo daktari alisema kuna sababu nyingi, nyingine zinajulikana, nyingine bado, ila maziwa ya mchanga si sababu. Nilipenda aliposema "bado hatujui." Mwalimu wangu hakuwahi kulitamka.

Mume wangu aliyaelewa hayo kwa njia yake. Jioni moja alikuwa amekaa uani na alteneta iliyofunguliwa juu ya gunia, nami namweleza habari ya protini za kusukuma na za kuzuia. Akainua kidude cheusi kidogo.

"Sasa hiyo si regilateri? Hii ndiyo inaambia alteneta, toa umeme, acha, toa, acha. Ikiharibika betri inaungua. Kumbe mutu naye ana regilateri."

"Anazo nyingi. Na mama yako alikuwa anazipiga nyundo."

"Usiseme hivyo, anasikia."

"Ndiyo maana ninasema."

Mamamkwe alikuwa jikoni anachambua maharage. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. Tangu siku ile ya dispanseri hakumgusa mtoto. Nilikuwa namwogesha mwenyewe, vibaya, sabuni inaingia machoni, na yeye anatazama kutoka mbali, vidole vyake vinachezacheza kwenye kanga. Mara moja walikuja kumwita kwa mtoto aliyezaliwa nyumba ya tatu. Akawaambia mgongo unamuuma. Nilijua mgongo haumwumi. Sikumwonea huruma, au nilimwonea kidogo na ikanikasirisha zaidi. Hata hivyo kila asubuhi tukitoka, hatua kumi nyuma, alikuwepo na mfuko wa nepi.

Siku ya mwisho ya sindano daktari alimvua mtoto na kumweka karibu na dirisha. Wekundu ulikuwa umekwisha. Uvimbe umeshuka, haukuwa umefikia usaha, hakuna aliyepasua kitu. Alichukua kidole changu cha shahada, akakiweka chini kidogo ya chuchu ya kulia, akanionyesha nibonyeze kwa uzito gani, karibu na kutobonyeza.

"Unaisikia?"

Mwanzoni sikusikia kitu ila mbavu na moyo wake unaokimbia. Halafu kitu kidogo, bapa, kikateleza chini ya ncha ya kidole na kurudi mahali pake. Nikahamia kushoto. Kilikuwepo kingine kama hicho. Nikarudi kulia. Kilikuwepo.

"Kipo," nilisema.

"Kipo."

"Ni kizima? Kitasikia?"

"Hilo sijui."

"Hakuna kipimo?"

"Hakuna. Tutajua akiwa na miaka kumi, kumi na mbili. Kama yatakuja yote mawili, kilipona. Kama litachelewa moja, unamuleta."

Miaka kumi na mbili! Nilihesabu umri wangu, nikahesabu wa daktari, nikajiuliza kama petroli itakuwa imerudi. Nilikuwa tayari kwa ndiyo na tayari kwa hapana, si kwa kungoja. Lakini angalau nilijua nangoja nini. Na binti yangu, vyovyote itakavyokuwa, hatadanganywa habari ya mbabura. Nitamwambia mwenyewe, kabla soksi haijaingia akilini mwake.

Mamamkwe alikuwa amesogea. Sikumsikia akija.

"Na mi ninaweza kuigusa?" aliuliza. Aliniuliza mimi, si daktari.

"Apana."

Mume wangu alinitazama. Sikubadilisha.

"Angalia na macho, mama. Kwa sasa macho tu."

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimeshaandaa jibu. Hakunitukana. Alipeleka mikono yake nyuma, akaishikanisha chini ya mtandio, akainama juu ya mtoto mpaka pua yake ikawa karibu na kile kifua. Aliangalia kulia. Aliangalia kushoto. Mtoto alimpiga teke la kidevu, naye hakuinua mkono kujikinga.

"Dokta," alisema akiwa bado ameinama, "na mutoto mwanaume tunaacha?"

"Munaacha."

"Hata ikivimba?"

"Hata ikivimba. Ikiwa nyekundu au ina moto, munaleta hapa. Bila hivyo, musiguse."

"Na mama yake akisema lazima itolewe? Wengine wanalia. Na bibi yake? Bibi ndio wabaya." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Pale nyumba ya tatu bibi yake ni mukali sana."

"Utaniita mimi," nilisema.

Akanigeuzia macho kutoka pale chini. "We utawatukana."

"Nitawatukana."

Alinyanyuka, mikono bado nyuma ya mgongo.

"Basi," alisema. "Twende leo, kabla hawajaanza."